Majani Meupe Kwenye Tuta la Mama

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imefika, na kama kawaida yake imefika nikiwa nimeanika. Nimeanua mbio mbio, nikasahau soksi moja kwenye kamba ikanyeshewa hadi ikatia huruma. Potelea mbali. Udongo umelainika, na leo nimepanda maua ya Mama.

Nimepanda yote. Akiba ya mwaka jana iliingia ukungu, kwa hiyo kila kilichobaki duniani cha maua yale sasa kiko kwenye tuta moja nyuma ya kitalu, hatua chache kutoka maua ya biashara. Mama hakuruhusu yachanganyike. Kila msimu aling'oa ua lolote lililotoka na rangi ya uongo, akabakiza yale ya rangi ya kiini cha yai, yaliyojaa petali kama sketi ya bibi harusi. Maisha yake yote, ukoo mmoja. Alipougua alituita mimi na mdogo wangu, akasema mbegu ni zetu nusu kwa nusu. Mdogo wangu akaniambia, "Zangu tunza wewe, Dada. Mimi bwenini nitaziozesha."

Basi mlinzi ni mimi. Nimenunua daftari hili niwe naandika mvua na miche, maana kichwa changu siku hizi ni chujio.

Jumamosi, 9 Machi

Msomi amekuja. Ndivyo ninavyomwita mdogo wangu tangu aingie chuo kikuu, mwanzoni kwa utani, sasa kwa majivuno kabisa. Anasomea maradhi ya mimea, shahada ya pili, na mwaka huu ndio wa mwisho. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu, akavuta kigoda akaanza kunisimulia bakteria wake.

"Wanatengeneza sumu, Dada. Mmea ukiipata, majani machanga yanatoka meupe. Meupe pe!"

"Si unakufa?"

"Haufi hapo hapo. Jani linakua, lina umbo lake lote, lina mishipa yake. Halina kijani tu."

Nikamwambia aniambie kwa lugha ya mtu anayelia vitunguu. Akacheka, akanipokonya kisu. Akasema ndani ya kila seli ya jani maagizo ya kazi yako kwenye jeni, na jeni zimewekwa mahali tofauti. Nyingi ziko kwenye kiini cha seli. Chache ziko ndani ya vile vichembe vinavyolipatia jani rangi ya kijani, maana vyenyewe vina zao, kama mpangaji wa chumba cha uani mwenye ufunguo wake. Kila mahali kuna kimeng'enya kinachonakili: kinasoma jeni, kinatoa nakala, nakala inakwenda kufanyiwa kazi. Pasipo nakala, agizo ni maneno matupu.

"Sasa sumu yangu," akasema, kama mtu anayesema mchumba wangu, "ikiingia inamtafuta mnakili wa vichembe vya kijani. Haimfukuzi. Inamkwamisha pale pale alipokaa, kalamu mkononi. Kule kwenye kiini inamgusa mmoja, lakini wale wakubwa inawapita kama haiwajui. Ndiyo maana jani linaendelea kujengwa, ila kijani hakiji."

"Kumbe inachagua."

"Inachagua! Ndio uzuri wake. Na majani ya zamani hayana habari, yalishapata nakala zao. Wanaoumia ni wachanga."

Nikamuuliza kama mmea hupona. Akasema inategemea. Bakteria wakiwemo ndani wanaendelea kuipika, utatoa meupe mpaka uchoke. Lakini ile sumu yenyewe wanayoichuja maabara, bila bakteria, ukiipulizia mara moja inaisha, na majani yanayofuata yanatoka kijani kama hakuna kilichotokea.

Sikuelewa yote lakini nilifurahi. Mtoto niliyemfunga kamba za viatu ananifundisha. Mama angekuwepo angetangaza mtaa mzima.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Mfereji umeziba. Miche ya Mama imechomoza, tuta zima. Nimeisalimia mmoja mmoja, na jirani yangu fundi cherehani kanisikia. Sasa anajua nina wazimu.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua.

Jumamosi, 30 Machi

Msomi kaja tena, na leo kaja na kazi mkononi. Kaleta kichupa chake cha kupulizia, eti mbolea ya majani kutoka chuoni, nzuri mno kwa miche. Nilikuwa natoka kumpelekea fundi kitambaa cha mapazia, akasema, "Nenda tu Dada, tuta la Mama niachie mimi." Nimerudi nimekuta kapulizia, kapalilia, kaosha hadi ndoo. Bila kuombwa! Mungu ambariki. Watu wanalalamika ndugu zao wakisoma wanawasahau. Wangu hanisahau.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua na upepo. Nimeuza trei mbili za maua mekundu kwa mwenye hoteli, mtu wa kupunguza bei hadi unatamani kumpa bure aondoke.

Ijumaa, 5 Aprili

Sijui nianzie wapi. Asubuhi nimekwenda nyuma na kikombe cha chai, nikaona tuta la Mama limepauka. Nikadhani ni macho. Nikainama. Majani ya chini kijani kabisa, ya juu, yale machanga, meupe. Si manjano ya njaa ya mbolea, hayo nayajua. Meupe kama karatasi, kila mche, kana kwamba mtu kapita na chokaa.

Nimeketi chini kwenye tope. Chai nimemwaga.

Nimempigia Msomi. Akanyamaza kwanza, nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Usiguse kitu. Nakuja kesho."

Jumamosi, 6 Aprili

Kaja, kachuchumaa tutani, kapiga picha kila upande, karibu, mbali, na rula kaweka pembeni ya majani. Nikamuuliza, "Ndio wale bakteria wako?" Akasema, "Dalili zinafanana. Sina hakika." Uso umemshuka, hakula. Nikamwonea huruma, nikamwambia asijilaumu, maradhi hayana mwenyewe.

Nadhani anajilaumu kwa sababu hajui dawa.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimemleta Mzee wa Kofia. Ni mtaalamu wa mimea aliyestaafu, havui kofia hata ndani ya nyumba, na vitalu vyote vya huku humsikiliza yeye. Msomi naye kakosa kipindi akaja. Mzee kageuza jani, kalinusa, kaguna.

"Hii ni bakteria," akasema. "Inarukia kwa matone. Mvua hii hii inayopiga tuta hili inarusha maji kwenye matuta yale. Ukichelewa, mama, kitalu chote kimekwenda. Ng'oa, choma."

"Yote?"

"Ukibakiza mmoja umebakiza yote."

Nikamgeukia mdogo wangu. Nilikuwa namwomba kwa macho, jamani, nilimwomba aseme hapana. Mzee naye akamuuliza, "Wewe msomi, unasemaje?"

Akatazama chini. "Mzee yuko sahihi kuhusu matone."

Basi.

Jumanne, 9 Aprili

Tumechoma. Mvua ilitupa nafasi asubuhi. Mimi nang'oa, mdogo wangu anapokea kwenye beseni, anapeleka kwenye pipa. Kaleta glavu za maabara, jozi mbili, yangu na yake. Miche mibichi haiwaki, inafuka tu, moshi unaingia machoni, hivyo hakuna aliyejua nani analia kwa moshi na nani analia kweli. Yeye alilia hadi mabega yakatikisika. Nikamfuta machozi kwa mkono wenye masizi, nikamwambia, "Nyamaza. Mama anaona tumejitahidi."

Mmoja nimeshindwa. Ulikuwa pembeni, mdogo, umepinda. Yeye alipokwenda na beseni nikautia kwenye mfuko wa aproni. Uko bafuni juu ya dirisha, kwenye kopo la maziwa, mbali na miche mingine. Najua ni ujinga. Nataka ufe taratibu, mbele yangu, kama Mama.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Siendi nyuma.

Jumapili, 14 Aprili

Fundi kaja kunipa pole kama kuna msiba. Nimeona aibu kulia mbele yake kwa sababu ya maua, halafu nikalia.

Alhamisi, 18 Aprili

Matuta ya biashara yaliyo karibu na lile tuta yako salama. Kila siku nayakagua kwa hofu. Mvua imeyapiga wiki nzima kabla hatujang'oa, matope yameruka hadi ukutani, na hakuna jani hata moja jeupe. Nimemshukuru Mungu. Sijafikiri zaidi ya hapo.

Alhamisi, 25 Aprili

Mche wa bafuni umetoa jani la kijani!

Nilikuwa napiga mswaki. Nimepiga kelele, povu mdomoni, fundi kauliza ukutani kuna nini. Kijani, safi, jozi nzima, juu ya yale meupe. Nimeucheka, nimeubusu, nimeuita majina. Nimechukua simu nimpigie Msomi nimpe habari njema.

Na kidole kikiwa juu ya jina lake ndipo sauti yake mwenyewe ikanijia, ile ya jikoni, na harufu ya vitunguu. Bakteria wakiwemo ndani, utatoa meupe mpaka uchoke. Sumu ikiwa peke yake inaisha, majani yanayofuata yanatoka kijani kama hakuna kilichotokea.

Nikaweka simu chini. Nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Matuta ya karibu hayakuugua. Hapakuwa na bakteria. Palikuwa na kichupa.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimemsubiri barazani na kopo mapajani. Kaingia getini anatabasamu, kaliona kopo, tabasamu likamfia. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

"Ile haikuwa mbolea," nikasema.

Akakaa kwenye ngazi. Hakubisha hata kidogo, na hilo nalo liliniuma, kwamba alikuwa nalo tayari mdomoni muda wote huo.

"Nilihitaji mmea wa ukoo mmoja, Dada. Ya madukani yamechanganywa, kila mche una tabia yake, majibu yanayumba. Ya Mama ndiyo pekee yaliyo sawa sawa. Na nilijua yatarudi kijani, ndiyo maana nilipulizia mara moja tu. Ungeona mwenyewe yakirudi..."

"Ningeona nini? Nilichoma!"

"Mzee wa Kofia alikuja kabla sijajua nitakuambiaje."

"Ulikuwa umesimama pale. Kakuuliza kwa mdomo wake."

"Ningesema, wangefuta utafiti wangu. Kuipulizia nje ya maabara bila ruhusa ni kosa. Miaka miwili, Dada, yote ingekwenda."

"Ulishika beseni."

Akaanza kukwangua tope kwenye kiatu.

"Ulishika beseni, mtoto wa mama yangu! Naing'oa unaipokea, naing'oa unaipokea, na unajua kila mche unaoutia motoni ni mzima. Ukaniletea na glavu!"

"Nililia, Dada."

"Ulilia nikakubembeleza!"

Hapo nilisimama, nadhani ningempiga, na mimi sijawahi kumpiga hata alipokuwa mtoto mtundu. Akafuta pua. Halafu, wallahi, kama asingesema maneno haya pengine ningelainika, akalitazama kopo akasema kwa sauti ndogo, "Naomba nilipige picha moja tu. Ndio uthibitisho pekee kwamba yanapona."

Nimemtoa. Nimefunga geti kwa kufuli mchana kweupe.

Jumatatu, 29 Aprili

Mvua. Kapiga simu. Sijapokea.

Jumatano, 1 Mei

Mvua. Kapiga tena. Fundi kaniuliza kulikoni, nikamweleza yote. Akatoa pini mdomoni akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikamwambia akae na methali zake. Ananihurumia, najua, lakini leo sitaki kuwa mfano wa methali ya mtu.

Kinachonikera ni kwamba namkumbuka. Nikipika napika kwa wawili.

Jumapili, 12 Mei

Mche wa kopo umefika kiunoni mwa dirisha. Nimeuhamishia chungu kikubwa. Nausemesha kidogo sana, ninaona haya.

Jumanne, 21 Mei

Kaniandikia ujumbe. "Msimamizi wangu anakuja Alhamisi kuona kitalu. Nimemwambia ulikubali tangu mwanzo. Dada nakuomba, neno moja tu, sema ndiyo. Nikifeli hapa sina tena pa kwenda."

Nimeusoma nikiwa nimesimama, nikausoma nimekaa. Kumbe alishasema kwa niaba yangu. Alichoniachia ni kuitikia.

Nimelala nikifikiri nitasema ndiyo. Naandika ukweli. Ni mdogo wangu, nimebaki naye peke yake, maua yalishakwenda na kusema hapana hakuyarudishi.

Alhamisi, 23 Mei

Msimamizi ni mama mpole, kaja na viatu vya mvua na mwavuli wa kiume. Mdogo wangu nyuma yake, kakonda. Nikawapa viti. Yule mama akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Asante sana, dada. Si kila mtu angekubali maua ya marehemu mama yake yafanyiwe majaribio. Mdogo wako kaniambia ulifurahi kusaidia sayansi."

Nikamtazama aliyesema nilifurahi. Alikuwa anatazama viatu vyake.

"Na yamerudi kijani yote, nasikia. Hebu twende nikayaone."

Yote! Nilitangulia, wakanifuata, nikawapeleka nyuma hadi kwenye lile pipa, na mbele yake tuta tupu. Mvua imegeuza majivu kuwa uji mweusi.

"Ndiyo haya," nikasema.

"Haya ni majivu."

"Ndiyo, mwalimu. Tulichoma tukidhani ni ugonjwa."

Akakunja uso, akili yake inakwenda mbio, niliiona. Akamgeukia mwanafunzi wake. "Kama dada yako alijua umepulizia sumu iliyochujwa, kwa nini achome?"

Nilinyamaza makusudi. Nilimpa nafasi. Moyoni nilikuwa nasema, sema mwenyewe, mdogo wangu, sema tu, ukisema mwenyewe leo tumemaliza, nitakushika mkono nitamwomba huyu mama akusamehe. Mvua ilikuwa inadondoka kwenye mwavuli tu, tone tone.

Akasema, "Dada alijua. Aliingiwa na hofu tu, unajua watu ambao hawakusoma..."

Hakumaliza, au alimaliza, sikusikia.

"Sikujua," nikasema. "Sikuulizwa, sikuambiwa. Na beseni alishika yeye."

Yule mama akakunja mwavuli wake ingawa mvua haijakatika. Wakaondoka bila kusemeshana. Mimi nimebaki pale hadi nguo zikanata mwilini.

Ijumaa, 31 Mei

Ameandika: wamefuta majaribio yote, ataanza upya mwaka mzima, na sumu hataigusa tena bila mtu kumsimamia. Mwisho kaongeza, "Umefurahi?"

Sijafurahi. Nilitaka kumjibu hivyo, nikashindwa kupata maneno yasiyo matusi.

Jumanne, 4 Juni

Ua la kwanza. Rangi ya kiini cha yai. Nimelihesabia petali hadi nikachoka.

Jumatatu, 17 Juni

Mvua inapungua. Nyuki wawili wameingia bafuni. Nimewaachia dirisha wazi, nikaoga kwa adabu.

Jumamosi, 29 Juni

Jua limetoka wiki nzima, maua yamekauka kwenye shina, na leo asubuhi nimevuna. Mbegu zinajaa kiganja kimoja, si zaidi. Nilikuwa barazani nazitandaza kwenye sahani, geti likagongwa.

Ni yeye. Hakuingia mpaka nilipomwambia ingia. Nikampa kiti, nikamwekea chai, sukari ninajua anavyotaka. Nikamuuliza hali ya chuo, akajibu nzuri. Akaniuliza hali ya biashara, nikajibu nzuri. Kila kitu kilikuwa mahali pake, dada na mdogo wake wanakunywa chai, na mpita njia angesema hawa wanapendana. Nilikumbuka lile jani lenye umbo lote na mishipa yote.

Kisha akaziona mbegu. Akaweka kikombe chini.

"Ni za Mama?"

"Ni za Mama."

Machozi yakamlenga, na safari hii moshi haukuwepo. "Dada," akasema, "nina chumba changu sasa, kuna kijibaraza kina jua. Naomba nusu yangu nikapande. Si kwa majaribio. Naapa kwa jina la Mama."

Inawezekana alikuwa anasema kweli. Nimemtazama sana usoni nione kama ni kweli, mimi niliyekuwa nikijua uongo wake kabla hajafungua mdomo, na sikuweza kuona. Hilo ndilo lililonimaliza.

Nikazigawa. Nilizigawa mbele yake, kwa ncha ya kisu, haki bin haki, mbegu kwa mbegu. Nikachukua vikopo viwili. Kimoja nikakiandika jina langu, kingine jina lake. Akanyoosha mkono.

"Hizi ni zako," nikamwambia, nikakifunga kifuniko. "Nitakutunzia mimi."